Uzi maalumu: vitabu vya kufuga na kupika kuku, bata na kanga. Kipi kinafaa, na kisomweje?

#1 Mwana Banda (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna maswali mawili hayaishi humu. Moja linaulizwa na wanaotaka kufuga: nianze na kitabu gani? La pili linatoka kwa wapishi: mbona nimefuata kitabu hatua kwa hatua na kuku bado ametoka mgumu? Nimesoma vitabu vya pande zote mbili kwa miaka, na naamini maswali haya yana mzizi mmoja. Kitabu cha ufugaji kinaagana na ndege mlangoni mwa banda akiwa mzima. Kitabu cha mapishi kinampokea kwenye friji akiwa ameshanyonyolewa. Yaliyo katikati, yaani umri wake, alichokula, alivyochinjwa na saa alizopumzishwa, hayana mwenyewe. Na hayo ndiyo yanayoamua nyama itakuwaje.

Nianze na jikoni. Fungua kitabu cha mapishi cha siku hizi, utakuta "kuku mmoja, kilo moja na nusu", kisha moja kwa moja kwenye vitunguu. Hakisemi kama ni tembe (jike ambaye hajaanza kutaga), pora (jogoo kijana), koo aliyetaga misimu miwili, au kuku wa nyama wa wiki sita. Kwa anayenunua kuku aliyefungashwa haina shida, maana karibu wote wana umri mmoja. Anayechinja wa kwake ndiye anayeachwa njiani. Kadiri ndege anavyozeeka, nyuzi za kolajeni zinazoshika misuli yake zinajifunga zenyewe kwa zenyewe na kuwa imara. Moto mkali wa haraka hauzilegezi, unazikaza. Zinataka unyevu na muda mrefu ndipo zigeuke jelatini. Kwa hiyo uzito uleule wa kilo moja na nusu unaweza kuwa wa kuchomwa dakika hamsini, au wa kuchemshwa polepole saa tatu.

Mambo yanakuwa mabaya zaidi ukitumia kitabu cha zamani bila kujua kuku wa zamani alikuwaje. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha jaribio ambalo kila mpenzi wa vitabu hivi anapaswa kulijua. Walifuga kwa chakula kilekile kuku wa mbegu tatu: ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Siku ya 56, wa mbegu ya 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Mwandishi wa mapishi wa miaka ya 1950 alipoandika kuku wa kilo moja na nusu, alimaanisha ndege aliyeishi miezi, aliyetembea na kukomaa. Wewe ukimweka kuku wa wiki tano kwenye sufuria ile kwa muda uleule, anasambaratika na mchuzi unabaki hauna nguvu. Kitabu hakina kosa, ni ndege aliyebadilika.

Ndiyo maana kitabu cha mapishi nakipima kwa jambo moja: kinaniuliza umri wa ndege? Auguste Escoffier, mpishi wa Kifaransa aliyetoa mwongozo wake mkubwa mwaka 1903, aliwagawa kuku katika makundi manne: wakubwa walionenepeshwa pamoja na majogoo waliohasiwa, wa makamo, wadogo, na vifaranga vilivyopevuka kidogo. Kila kundi lina namna yake ya kupikwa. Vitabu vingi vimeutupa mgawanyo ule, na mimi naona ni hasara kubwa.

Kwa upande wa ufugaji naangalia mambo mawili kabla ya kulipia. Kwanza mwaka wa kuchapwa, na hapo namwachia Bwana Mifugo atakapopita. Pili hali ya hewa. Kitabu kilichoandikiwa nchi za baridi kinakuwa na sura nzima ya kupasha banda joto na aya mbili za jua kali. Kuku hana tezi za jasho, anapunguza joto kwa kuhema mdomo wazi na kutandaza mabawa. Anayefuga kwenye joto anahitaji sura nzima ya paa, upepo, maji ya baridi na saa za kulisha, wala si aya mbili.

Leteni vitabu vyenu. Semeni kimeandikwa lini, kwa ajili ya nani, na kilikusaidia wapi.

#2 Chungu Kizito

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa jikoni, na naongeza jambo moja ambalo vitabu vya mapishi vinalikalia kimya: kupumzisha nyama.

Ndege akishachinjwa misuli inakakamaa ndani ya muda mfupi, kisha inalegea tena taratibu. Ukimpika katikati ya ule mkakamao, utatafuna hata kama ni kijana. Ama mpike palepale kabla hajakaza, ama mlaze kwenye baridi saa kadhaa mpaka mguu ukiukunja unakunjika kwa urahisi. Wengi tunalaza usiku mzima. Vitabu vya mapishi havisemi kwa sababu vinamchukulia kuku wa dukani, ambaye saa hizo zimepita akiwa kwenye ubaridi wa machinjio. Vya ufugaji navyo vimeshafunga ukurasa. Hapo ndipo penye lile pengo unalolisema.

Kitabu kilichonisaidia zaidi kuhusu kuku wa kuchoma ni cha Judy Rodgers, mpishi wa San Francisco, cha mwaka 2002. Anataka kuku mdogo, asiyezidi kilo moja na nusu na kidogo, apakwe chumvi kati ya siku moja na tatu kabla ya kuchomwa, kisha aingie kwenye moto mkali sana. Chumvi kwanza inavuta maji nje, halafu maji yale yenye chumvi yanarudi ndani na kulegeza protini, hivyo nyama inashika unyevu wake motoni. Ngozi nayo inakauka na kuwa ya kuvunjika. Ukisoma unaona kwamba mapishi haya ni ya ndege mdogo kiumri. Ukimpaka koo chumvi siku tatu bado ni koo, hiyo kolajeni haijaguswa.

Na kwa anayetaka kujua sababu za mambo, kitabu cha Harold McGee kuhusu sayansi ya chakula, kilichotoka 1984 na kuandikwa upya 2004. Si cha mapishi. Ndicho kilichonieleza kwa nini paja ni jeusi na kidari ni cheupe: paja linafanya kazi siku nzima, linahitaji oksijeni, limejaa mayoglobini (protini inayoshika oksijeni na kuipa nyama rangi), kidari cha kuku kinatumika kwa kurukaruka ghafla tu. Bata anayepaa masafa kidari chake ni chekundu kwa sababu hiyohiyo. Tangu hapo sipiki kidari na paja kwa muda mmoja.

#3 Fundi wa Mikono

Ndugu zangu nawaheshimu, ila mimi nasema ufugaji haufundishwi na kitabu. Bibi zetu hawakusoma hata ukurasa na walikuwa na makundi ya kuku. Kaa na kuku, watazame, utajua. Vitabu vinauza ndoto, vinapiga hesabu za faida kwenye karatasi mtu anaingia kichwa kichwa.

#4 Mwana Banda

Fundi, sehemu ya pili ya maneno yako naiunga mkono yote. Kitabu kinachoanza na hesabu za faida kabla hakijataja vifo vya vifaranga, kirudishe kwenye rafu.

Kuhusu bibi zetu, walikuwa na kitabu, ila kilikuwa kichwani na kilirithishwa kwa mdomo. Asiyekaa na bibi huyo ataanzia wapi? Kitabu kizuri kinakufundisha namna ya kutazama. Chukua mfano wa bruda, pale vifaranga wanapolelewa kwa joto la taa. Kitabu dhaifu kinakuambia wiki ya kwanza nyuzijoto 32 hadi 35, punguza karibu 3 kila wiki, basi. Kitabu kizuri kinakupa namba hizo halafu kinakuambia ukiweke pembeni kipimajoto, uangalie vifaranga. Wakijirundika chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia kwenye kingo, mabawa wazi, wanahema, joto limezidi. Wakiegemea upande mmoja wote, kuna upepo unapenya upande wa pili. Wakisambaa sawasawa, wengine wakila wengine wamelala, umepatia. Hilo ni jicho la mfugaji wa muda mrefu limeandikwa, na anayeanza analipata siku ya kwanza badala ya kulipia kwa vifaranga waliokufa.

#5 Bwana Mifugo Mstaafu

Nimeitwa, nimefika. Nitazungumzia sura ya magonjwa tu, maana ndiyo ninayoifungua kwanza.

Angalieni mwaka, wanangu. Ugonjwa wa Gumboro ulitambuliwa 1962, ukapewa jina la mji mdogo wa jimbo la Delaware, Marekani. Kitabu cha kabla ya hapo hakiwezi kuutaja. Chanjo ya Mareksi, ugonjwa unaopoozesha kuku, ilianza kutumika karibu na mwaka 1970, hivyo kitabu cha 1965 kitakuambia ndege aliyepooza mguu umpoteze tu, na hakitakueleza kwamba kifaranga huchanjwa akiwa wa siku moja. Mdondo, au kideri kama wengine mnavyouita, ulielezwa kitaalamu Newcastle nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920, na vitabu vingi vinautaja. Lakini angalia kinasema nini kuhusu chanjo. Zamani chanjo zilikufa zikitoka kwenye ubaridi. Ile ya I-2 inayostahimili joto, inayotiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, imekuja baadaye sana, na kwa mwenye kuku wachache mbali na friji ndiyo iliyobadilisha mambo. Kitabu cha kuku wa nyumbani kisichoizungumzia kimepitwa.

Jambo la pili ni antibiotiki. Kuanzia miaka ya 1950 vitabu vingi vilishauri kuzitia kwenye chakula kila siku ili kuku wakue haraka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, kwa sababu vimelea vinazizoea na baadaye hazimtibu hata binadamu. Ukikuta ushauri ule kwenye kitabu chako, futa kwa kalamu kabisa, asije mtoto akaufuata.

Na hapa naungana na mleta mada. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla nyama au mayai hayajaliwa, zimeandikwa kwenye chupa. Sijaona kitabu cha mapishi kinachomkumbusha mtu anayechinja wa kwake kuuliza: huyu alipewa dawa lini? Mpishi wa nyumba yenye banda anahitaji kujua hilo kuliko kujua aina ya kiungo.

Vitabu: kwa mwenye kundi dogo, mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 2004 kuhusu ufugaji mdogo wa ndege, ulioandikwa na Sonaiya na Swan. Unazungumzia ndege wanaojitafutia nje, mabanda ya vifaa vya kawaida, mdondo, na upo bure. Kwa wenzangu wa taaluma, kile kitabu kinene cha magonjwa ya ndege kilichoanza 1943 chini ya Biester na Devries, kimeendelea kuandikwa upya toleo baada ya toleo. Usinunue toleo kuukuu kwa kuwa ni rahisi. Kwa kitabu cha magonjwa, urahisi huo ni gharama.

#6 Tembe wa Pili

Shikamoo Bwana Mifugo. Asanteni wakuu, nimeweka kambi hapa. Mimi nina kitabu chenye majedwali ya chakula, kurasa nyingi, ila viambato vingine sivipati na vingine bei yake haishikiki. Nikikosa kimoja jedwali lote linakufa. Je, kuna kitabu kinachofundisha kuchanganya bila kufuata jedwali?

#7 Mwana Banda

Dada, swali zuri sana. Tafuta kitabu kinachofundisha mraba wa Pearson, yaani hesabu fupi ya kupata uwiano wa viambato viwili, na ukikiona kina majedwali tu bila mraba huo, jua mwandishi amekupa samaki akaficha nyavu.

Mfano. Una mahindi yenye protini asilimia 9 na mashudu ya soya yenye asilimia 44. Unataka chakula cha asilimia 16, ambacho ni kiwango cha kuku wa mayai. Toa 16 kwenye 44, unapata 28: hayo ni mafungu ya mahindi. Toa 9 kwenye 16, unapata 7: hayo ni mafungu ya soya. Mafungu 28 kwa 7 ni sawa na manne kwa moja, yaani kilo 80 za mahindi na 20 za soya. Jumlisha: mahindi yanaleta protini kilo 7.2, soya kilo 8.8, jumla 16. Ukikosa soya ukapata mashudu mengine, unabadilisha namba moja tu.

Ila mraba unapima protini peke yake. Kuku anayetaga anahitaji kalisi karibu asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula chake, nyingi mno kuliko kifaranga, na ukimpa kifaranga kiasi hicho unaharibu figo zake. Vitamini na madini mengine nayo yanataka premiksi, yaani mchanganyiko wake ulioandaliwa tayari. Vitabu vya kabla ya 1948 vinasisitiza nyama, samaki au maziwa kwenye kila mchanganyo, na sababu haikujulikana vizuri mpaka vitamini B12 ilipopatikana mwaka huo. Kabla ya hapo, miaka ya 1920, ilikuwa vitamini D: kuku waliofungiwa ndani walipinda miguu mpaka ilipogundulika kwamba jua au mafuta ya ini la samaki yanawaponya. Ugunduzi huo ndio uliowezesha kuku kufugwa ndani mwaka mzima. Kwa hiyo majedwali ya zamani si ya kudharau, yaliandikwa na watu walioona matokeo kabla ya kujua chanzo.

#8 Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba Tembe. Naongeza kwenye chakula: kitabu kiwe na sura ya kuhifadhi nafaka. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Ilikuja kuonekana ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na hapo ndipo sumukuvu ilipoanza kuchunguzwa. Wapo wanaosema mahindi yaliyoharibika "wape kuku". Hapana. Kuku anaumia ini, kinga yake inashuka, chanjo haishiki, na wewe unabaki unalaumu chanjo.

#9 Kasuku Msomaji

Wakuu, mimi sina hata kuku mmoja, nasoma tu. Naomba kuwatetea wazee wa kale, maana hawa hawakutenganisha banda na jiko.

Columella, mkulima wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kuhusu kilimo, na kitabu chake cha nane kinaanza na ndege wa kufugwa. Anashauri banda lielekee jua linapochomoza wakati wa baridi, na lipakane na tanuri au jiko ili moshi uwafikie kuku, akiamini unawafaa. Anasema kuku mia mbili ndio kiasi cha kumtosha mtunzaji mmoja. Anachagua makoo wenye manyoya mekundu au ya giza na mabawa meusi, na anawakwepa weupe, kwa sababu ni dhaifu na wanaonekana kirahisi na ndege wa mawindo. Sababu hiyo ya pili bado ina maana kwa yeyote anayeachia kuku nje. Kabla yake Varro, mwaka 37 kabla ya Kristo, alitenga kitabu kizima kwa wanyama wanaofugwa kuzunguka nyumba, kuku, bata bukini na njiwa wakiwemo, na anawajadili pamoja na meza wanayokwenda kuliwa.

Kwenye mapishi kuna mkusanyo wa Kirumi unaoitwa kwa jina la Apicius. Sehemu yake ya sita ni ya ndege. Inaanza na mbuni, kisha inapita bata na korongo mpaka kuku, mwenye mapishi kadhaa yenye majina ya watu na nchi za mbali. Vipimo karibu hakuna. Mwandishi anamchukulia msomaji kuwa anajua tayari moto na muda, maana anamjua ndege.

Anayependa kutotolesha asikose kurasa za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu yai. Alivunja mayai siku baada ya siku akaandika alichoona: siku ya tatu moyo unaonekana kama doa la damu linalodunda. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye mtu akiangaza yai kwa tochi wiki ya kwanza anaona kitu kilekile, mishipa inatawanyika kutoka kwenye kiini cheusi. Aristotle pia anataja Wamisri wakiangua mayai kwenye samadi bila koo. Réaumur, Mfaransa yuleyule wa kipimo cha joto chenye jina lake, alilifuatilia jambo hilo na mwaka 1749 akatoa kitabu kizima cha kuangua vifaranga majira yote, akitumia mapipa yaliyozikwa kwenye samadi moto. Akili yote ya mashine ya sasa ipo mle: joto lisibadilike, hewa ipite, mayai yageuzwe. Leo tunasema nyuzijoto 37.5 na kugeuza mpaka siku ya 18, lakini shida alizozipigania ndizo tunazopigana nazo umeme ukikatika.

Halafu kuna Tegetmeier, Mwingereza aliyetoa kitabu kikubwa cha kuku chenye picha za rangi mwaka 1867. Huyu alikuwa akiandikiana barua na Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, na kumpa habari za mbegu za kuku na njiwa. Mwaka uliofuata Darwin alichapisha hoja yake kwamba kuku wote wametoka kwa kuku mwekundu wa msituni wa Asia. Ilishikilia mpaka 2008, watafiti walipoonyesha kwamba rangi ya njano ya ngozi ya kuku imetoka kwa ndugu yake, kuku wa kijivu wa msitu wa India. Kwa sehemu kubwa Darwin alikuwa sahihi, na alifikia hapo kwa kuwasikiliza wafugaji.

Kama mtu anataka kimoja tu cha kisasa kinachounganisha vyote, historia, mwili wa kuku, kufuga na kupika, kipo cha Page Smith na Charles Daniel cha mwaka 1975. Mmoja mwanahistoria, mwingine mwanabiolojia. Ndicho kitabu ninachokiona kinajibu hoja ya mleta mada kwa ukamilifu.

#10 Fundi wa Mikono

Kasuku, hilo la weupe na ndege wa mawindo nimelisoma mara mbili. Ni kweli tupu. Wangu weupe ndio wanaotangulia kubebwa kila mara. Nakubali, hivyo vya wazee nitavitafuta.

Sasa nina swali kwa Chungu Kizito. Kitabu kimoja kinasema kuku aoshwe vizuri kabla ya kupikwa, kingine kinasema marufuku kuosha. Nani mkweli?

#11 Chungu Kizito

Kaka Fundi, wote wawili wana sababu, ila wanazungumzia kuku tofauti, na hapa tena ni lile pengo.

Kuku wa kufungashwa ameshasafishwa. Ukimfungulia bomba kwenye sinki, maji yanarusha bakteria kama kampilobakta na salmonela mpaka kwenye kachumbari iliyo pembeni, na hakuna kinachopungua kwenye nyama. Kinachoua ni moto: nyuzijoto 74 katikati ya paja, kipimajoto kikae mbali na mfupa. Vitabu vya miaka ya karibuni viko sahihi kukataza, na vingi vya zamani vilivyoamuru kuosha havikuwa na habari hiyo.

Wewe unayechinja mwenyewe huwezi kukwepa maji, lazima umsafishe baada ya kumtoa matumbo. Tofauti ni wapi na vipi. Fanya nje au mahali mbali na chakula kingine, maji yawe safi na ya baridi, usirushe kwa nguvu, halafu safisha meza na mikono kwa sabuni. Na kazi kubwa inaanza kabla: mnyime chakula kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya kuchinja, maji aendelee kunywa. Utumbo ukiwa mtupu haupasuki ovyo. Maji ya kunyonyolea yasichemke. Yakiwa karibu na nyuzijoto 60 manyoya yanatoka na ngozi inabaki nzima. Yakichemka ngozi inaiva, inachanika, na huyo hafai tena kuchomwa mzima.

Miguu usiitupe. Imejaa kolajeni, ukiichemsha polepole na mifupa unapata mchuzi unaoganda ukipoa. Koo mzee akiungana nao kwa saa tatu, maji yakitoa mapovu mojamoja tu, hutamtamani kuku wa wiki sita kwa mchuzi.

#12 Tembe wa Pili

Asanteni sana. Nimejaribu mraba wa Pearson na mashudu niliyonayo, namba zimekubali. Swali la mwisho: vitabu vyote ni kuku, kuku, kuku. Nina bata na nafikiria kanga. Je, nitumie vitabu vya kuku tu?

#13 Mwana Banda

Hapana dada, na hapa vitabu vya kuku vinaweza kukuharibia. Sura ya "ndege wengine" huwa kurasa nne mwishoni, imeandikwa haraka.

Vifaranga wa bata wanahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko wa kuku. Ukiwapa chakula cha vifaranga wa kuku peke yake wanaweza kulegea na kupinda miguu, na utadhani ni ugonjwa. Kitabu kisichotaja niasini hakijaandikwa na mfuga bata. Wanahitaji pia maji ya kina cha kuzamisha pua na macho, si lazima bwawa.

Kanga ana nyama kavu isiyo na mafuta mengi, kwa hiyo mapishi ya kuku wa kuchoma yanamkausha. Mfunike, au mpike kwenye mchuzi. Bata ni kinyume chake, chini ya ngozi yake kuna mafuta mazito yanayotakiwa kuyeyushwa kwa moto mdogo kwanza, ngozi ikiwa imechanjwachanjwa bila kufika kwenye nyama.

Na kabla hujaamini jedwali la siku za kuangua, hakikisha limetenganisha bata. Kuku ni siku 21, kwale 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28. Bata wa kawaida 28, lakini wale wenye nyama nyekundu usoni ni 35. Jedwali likiandika "bata 28" bila maelezo na wako ni hao wa uso mwekundu, utazima mashine wiki nzima mapema na mayai yangali hai. Wako ni wa aina gani?

#14 Tembe wa Pili

Ni hao wa uso mwekundu mkuu. Mmoja ameanza kuatamia juzi.

#15 Mwana Banda

Basi mwachie yeye, anaijua kazi kuliko mashine zote. Weka maji karibu na kiota, chakula kidogo, na uandike tarehe aliyoanza kwenye jalada la ndani la kitabu chako. Ukitimia mwezi usimsumbue, bado ana wiki.